Maswali ya wasomaji: namba ya tarakimu 21 iliyomaliza Jumapili za mtu

Toleo lililopita tuligusia kwa mistari miwili tu namba 147573952589676412927, yaani 2^67 − 1 (zidisha 2 sitini na saba kwa pamoja, halafu toa 1), tukasema zamani watu waliidhania tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe) kumbe sio. Basi. Simu haijatulia toka hapo. Nimechagua maswali matano, mengine yanafanana nimeyaunganisha.

Shikamoo mwalimu. Nimeona video inasema kuna profesa Marekani alisimama mbele ya wenzake akazidisha namba mbili ubaoni bila kutoa neno, akakaa, watu wakampigia makofi. Lakini video hiyohiyo inasema kuna Mfaransa alishathibitisha miaka 27 kabla kwamba namba hiyo sio tasa. Sasa kama ilishajulikana, makofi ya nini? Na huyo Mfaransa alijuaje wakati hana vigawo mkononi? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Swali lako limebeba yote, wengine wakisoma jibu lako watakuwa wameshajibiwa nusu.

Tuanze na watu wenyewe. Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, alitoa orodha ya vipeo ambavyo ukichukua 2 ukaipandisha kwa hicho kipeo halafu ukatoa 1 unapata namba tasa. Kwenye orodha aliweka 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Hakueleza amezipataje, na zile kubwa hakuna mtu wa zama zake aliyekuwa na uwezo wa kuzihakiki. Baadae ikaonekana 67 na 257 zimeingia kimakosa, na 61, 89 na 107 zilipaswa kuwemo akaziacha. Pamoja na hayo namba za aina hii mpaka leo zinaitwa kwa jina lake, mimi naona amebahatika.

Mfaransa unayemsema ni Édouard Lucas, mwaka 1876. Yeye alitengeneza kipimo ambacho hakitafuti kigawo hata kimoja, na hapa ndipo wengi wanapopotea maana shuleni tulifundishwa njia moja tu, kugawa kwa 2, kwa 3, kwa 5, kwa 7, mpaka ugonge au uchoke. Kipimo cha Lucas (Mmarekani Derrick Henry Lehmer alikinyoosha miaka ya 1930 kikawa rahisi kama kilivyo leo) kinaenda hivi: anza na 4, izidishe yenyewe kwa yenyewe, toa 2. Matokeo yakizidi namba unayoipima, gawa kwa namba hiyo ubaki na baki tu. Rudia tena na tena. Kama unapima 2^p − 1, na p yenyewe ni tasa iliyo kubwa kuliko 2, unarudia mara p − 2. Ukiishia kwenye sifuri namba ni tasa, ukiishia kwingine kokote sio tasa, hakuna mlango wa tatu.

Chukua karatasi. Tupime 31, yaani 2^5 − 1, hatua tatu. Kutoka 4 unapata 16 − 2 = 14. Kutoka 14 unapata 196 − 2 = 194, ukigawa kwa 31 linabaki 8. Kutoka 8 unapata 64 − 2 = 62, ukigawa kwa 31 linabaki 0. Tasa. Sasa tupime 2047, yaani 2^11 − 1, hatua tisa: 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736. Imeishia 1736, sio sifuri, kwa hiyo 2047 sio tasa, kesi imefungwa. Lakini angalia hizo namba vizuri uniambie vigawo viko wapi. Havipo! 2047 ni 23 × 89 na hakuna mahali kwenye ule mlolongo ambapo 23 au 89 imejitokeza kukusalimia. Ni kama kupita nje ya chumba ukasikia watu wanabishana, unajua kabisa kwamba ndani kuna zaidi ya mmoja lakini majina yao hujui.

Hapo ndipo Lucas alipowaacha wenzake na 2^67 − 1. Kwa kipimo kilichonyooshwa ni hatua 65 tu, kila hatua unazidisha namba za tarakimu 21, kazi ya kuumiza mkono lakini inaisha. Kuipasua ni habari nyingine kabisa. Ndio maana miaka 27 ilipita watu wanajua haiko nzima na hakuna anayeweza kukuonesha vipande.

Profesa wa ubaoni ni Frank Nelson Cole wa chuo kikuu cha Columbia, New York. Tarehe 31 Oktoba 1903, kwenye mkutano wa chama cha wanahisabati wa Marekani, alionesha kwamba 147573952589676412927 = 193707721 × 761838257287. Habari ya kunyamaza na makofi imetoka kwa Eric Temple Bell, mwanahisabati na mwandishi, aliyekuja kuisimulia miaka mingi baadae, na Bell alipenda hadithi ziwe na chumvi, kwa hiyo ule ukimya mimi nauchukua kwa tahadhari. Bell huyohuyo ndiye aliyesema kwamba alipomuuliza Cole imemchukua muda gani akajibiwa Jumapili za miaka mitatu. Makala ya Cole ipo, ilichapishwa mwaka huohuo, na vigawo vipo, hivyo havina chumvi.

Na usidhani Cole alikuwa anagawa kwa 3, 5, 7, 11 mpaka afike milioni 193, hapana, angezeeka. Kuna kichujio. Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa wa zamani, alishatuachia kwamba ukichukua namba tasa yoyote q isiyo 2, basi 2 ukiipandisha kwa kipeo q − 1 ukagawa kwa q linabaki 1. Sasa kama q inagawa 2^67 − 1 maana yake 2^67 nayo inabakisha 1 ukigawa kwa q, na kwa kuwa 67 ni tasa haiwezekani kipeo kidogo kuliko 67 kikafanya hivyo hivyo, basi 67 lazima iingie kwenye q − 1 bila baki. Tena q ni witiri kwa hiyo q − 1 ni shufwa. Ukiunganisha, q − 1 lazima igawanyike kwa 134. Yaani kigawo chochote tasa cha namba hii ni kizidisho cha 134 ukiongeza 1. Hebu jaribu: 193707720 ÷ 134 = 1445580 kamili. Na 761838257286 ÷ 134 = 5685360129 kamili. Haikosei.

Kuna kichujio cha pili, kwamba kigawo ukikigawa kwa 8 lazima libaki 1 au 7. Cha kwanza kinabakisha 1, cha pili 7, tena unaangalia tarakimu tatu za mwisho tu (721 na 287). Kwa vichujio hivi viwili peke yake, kutoka 135 mpaka 193707721 wanabaki wagombea 722,790. Bado ni wengi kwa kalamu na wino, ila Cole alikuwa na mbinu za kuchuja zaidi ya hapo, ndio zenyewe alizoandikia makala.

Kwa hiyo makofi, kama yalipigwa, yalikuwa halali. Kujua kwamba namba sio tasa ni kazi moja, kuivunja ni kazi nyingine, na hiyo ya pili ndiyo ngumu mara nyingi mno.

Mwalimu mimi niko kidato cha tatu. Kikokotoo changu nikizidisha 193707721 kwa 761838257287 kinaandika 1.475739526 × 10^20, mwisho kinakata. Kuna njia ya kuhakiki bila kuzidisha yote kwa mkono? Simu shuleni haturuhusiwi. (Mwanafunzi, Tanga)

Ipo, tena nne, na ukizifanya kwa pamoja dakika kumi nyingi.

Ya kwanza kikokotoo kimeshakufanyia, ule mwanzo 1.475739526 unalingana na namba yetu, kwa hiyo ukubwa uko sawa. Ya pili angalia mkia: chukua tarakimu tatu za mwisho za kila upande, 721 × 287 = 206927, mkia ni 927, na namba yetu inaishia 927. Safi.

Ya tatu ndiyo tamu, inakagua katikati ambako kikokotoo hakioni. Jumlisha tarakimu. 193707721 inatoa 37, halafu 3 + 7 = 10, halafu 1. Ile nyingine 761838257287 inatoa 64, halafu 10, halafu 1. 1 × 1 = 1, kwa hiyo jibu nalo lazima liishie 1. Tarakimu 21 za namba kubwa jumla yake ni 109, halafu 10, halafu 1. Imeingia. Hii ni sawa na kugawa kwa 9 ukaangalia baki.

Ila hii ya 9 ina udhaifu, mtu akipindua tarakimu mbili, akaandika 41 badala ya 14, jumla haibadiliki na wewe hushtuki. Kwa hiyo ongeza ya 11: anzia kulia, jumlisha moja toa inayofuata, jumlisha, toa, mpaka mwisho. Namba kubwa inatoa 17, ukitoa 11 ni 6. 193707721 inatoa −13, ongeza 11 mara mbili ni 9. 761838257287 inatoa 8. Sasa 9 × 8 = 72, toa 66 linabaki 6. Imeingia tena.

Kumbuka lakini, vipimo hivi vinakamata kosa, havithibitishi usahihi. Jibu likifeli hata kimoja ni baya hakuna mjadala, likipita vyote ni zuri kwa uwezekano mkubwa tu. Ukitaka uhakika kamili zidisha yote, ni mistari tisa, na mmoja ni wa sifuri tupu, sio mwisho wa dunia.

Nimesoma kwamba Euclid alisema ukizidisha 2^(p−1) na 2^p − 1 unapata namba kamilifu. Basi nikizidisha 2^66 na hiyo namba ya Cole napata kamilifu? Na yenyewe ina vigawo vingapi? (Msomaji, Mombasa)

Hupati. Euclid aliweka sharti, 2^p − 1 iwe tasa kwanza. Kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake ukiviacha yenyewe nje vikijumlishwa vinairudisha: 6 = 1 + 2 + 3, halafu 28, 496, 8128. Euler akaja kuthibitisha kwamba kamilifu zote zilizo shufwa ni za mtindo huo wa Euclid, kwa hiyo kila namba tasa ya Mersenne inazaa kamilifu moja na isiyo tasa haizai kitu. Mersenne angekuwa sahihi kwa 67 ungekuwa na kamilifu ya kutosha kujaza mstari. Namba yenyewe ina vigawo vinne: 1, vile viwili vya Cole (vyote ni tasa), na yenyewe.

Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna jamaa anauza faili anasema lina "namba tasa zote zinazofungua mifumo ya benki", elfu ishirini tu. Anasema ndio hisabati hiyohiyo ya kina Mersenne. Kuna ukweli? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ndugu yangu, elfu ishirini yako nunulia nyama.

Ukweli uliopo ni huu hapa. Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa chuo cha MIT, Marekani, walitengeneza mfumo wa kufunga siri unaoitwa RSA, na nguvu yake ni jambo lilelile nililomwambia msomaji wa Morogoro. Unachukua namba tasa mbili kubwa sana, unazizidisha, jibu unaliweka hadharani kila mtu alione. Kulizidisha ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kulirudisha kwenye vipande vyake, jasho. Cole alitumia Jumapili zake kwa tarakimu 21, leo simu yako ya mkononi inaipasua hiyo namba hata sekunde haiishi, ila funguo za RSA za siku hizi zinafika tarakimu 617 na hakuna aliyewahi kuonesha amepasua ya ukubwa huo iliyotengenezwa vizuri.

Waliofuatilia wanakumbuka namba inayoitwa RSA-129, ya tarakimu 129. Ilitolewa mwaka 1977 kwenye jarida la Scientific American kama changamoto, zawadi dola 100, na makadirio ya wakati ule yalikuwa itachukua mamilioni kwa mamilioni ya miaka. Ikapasuliwa 1994. Watu wa kujitolea kama 600 hivi waligawana kazi kwenye kompyuta zao kupitia intaneti, wakapata namba tasa mbili, moja ya tarakimu 64 na nyingine 65. Mwaka 2020 ikapasuliwa RSA-250, ya tarakimu 250, na muda wa kompyuta uliotumika ni sawa na kichakataji kimoja kufanya kazi kama miaka 2,700 mfululizo. Kutoka 250 mpaka 617 sio kuongeza mara mbili na nusu, ugumu unapaa vibaya mno.

Sasa turudi kwa muuza faili. Namba tasa ambazo ufunguo wa tarakimu 617 unaweza kuchagua ni nyingi kiasi kwamba hiyo idadi yenyewe, idadi tu, ukiiandika ina tarakimu zaidi ya 300. Atomu zote za ulimwengu tunaoweza kuuona zinakadiriwa kwa namba ya tarakimu 80 na kitu. Hilo faili limehifadhiwa kwenye nini? Memori kadi?

Na utajiuliza, kama hakuna orodha, mashine inazipata wapi hizo tasa kila siku? Inaokota namba witiri yoyote kwa bahati nasibu, inaipima, sio tasa inatupa, inaokota nyingine. Kwa ukubwa huo takriban moja kati ya witiri 355 ni tasa, kwa hiyo haichukui muda. Na kupima inapima kwa vipimo vya ukoo wa Lucas na Fermat, havitafuti vigawo, vingekuwa vinatafuta tusingemaliza. Mifumo mingi mipya imehamia kwenye hisabati nyingine ya mipinde, hiyo tuiache kwa toleo jingine.

Kwa hiyo siku hizi kazi imeisha? Kompyuta si zinapasua kila kitu? Na tasa kubwa kuliko zote ni ipi sasa? (Fundi kompyuta, Mwanza)

Tasa kubwa inayojulikana ni 2^136279841 − 1, ina tarakimu 41,024,320, ilitangazwa Oktoba 2024. Aliyeipata ni Luke Durant, Mmarekani, akiwa ndani ya mradi wa GIMPS ambao watu wanajitolea kompyuta zao kupima namba za Mersenne. Hiyo ni tasa ya Mersenne ya 52 kujulikana. Ukitaka kulinganisha na enzi za kalamu, Lucas yuleyule wa 1876 alithibitisha 2^127 − 1 ni tasa, tarakimu 39, na rekodi yake ilikaa mpaka 1951.

Kupima kumekimbia namna hiyo, kutoka tarakimu 39 mpaka milioni 41. Kupasua kuko wapi? Chukua 2^1277 − 1. Ina tarakimu 385, namba ndogo tu ukiiweka mbele ya ile ya milioni 41, na imeshathibitishwa zamani kwamba sio tasa. Kigawo chake hata kimoja hakijulikani. Ndiyo ndogo kuliko zote za Mersenne zilizokaa hivyo, zinajulikana zina vipande na hakuna aliyeona kipande. Watu wameitupia kompyuta kwa miaka na miaka.

Kama wewe ni fundi na una mashine inalala bure usiku, kichujio unacho tayari: 2 × 1277 = 2554, kwa hiyo kigawo lazima kiwe kizidisho cha 2554 ukiongeza 1, na ukikigawa kwa 8 libaki 1 au 7. Wa kwanza kupita hapo ni 7663, ila sio tasa, ni 79 × 97, tupa. Anafuata 10217, ni 17 × 601, tupa. 17879 ni 19 × 941, tupa. 20433 inagawanyika kwa 3, na 28095 inaishia na 5. Anayefuata ni 30649, huyu ni tasa kweli, huyu unampima. Usijisumbue lakini, haigawi, walishapita hapo kitambo, na kwa njia hii ya mmoja mmoja wameshafika mbali kuliko mashine yako itakavyofika mwaka huu.